Alama ghafi au masalio: kipi kikaguliwe kabla ya kuamini rigresheni?

Mtafiti wa saikolojia jijini Nairobi anayechambua dodoso la PHQ-9 la kupima dalili za sonona, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 27, huenda akachora histogramu ya alama ghafi, akaziona zimerundikana karibu na sifuri, akaiacha rigresheni ya mstari (mbinu ya kukadiria alama kutokana na vigezo vingine kwa mstari ulionyooka) papo hapo. Njia hiyo ni nyepesi, lakini (ingawa baadhi ya wasimamizi wa tasnifu huidai) haigusi sharti lenyewe, kwa kuwa mtawanyo wa kawaida (wenye umbo la kengele) hutakiwa kwa masalio, yaani tofauti kati ya alama halisi na iliyokadiriwa. Kuchora masalio dhidi ya makadirio huhitaji modeli iundwe kwanza, ila hufichua mengi: mkunjo huashiria uhusiano usio wa mstari, na umbo la faneli huashiria kwamba mtawanyiko wa makosa unabadilika, kasoro ambayo katika sampuli kubwa hupotosha majaribio ya umuhimu (yanayopima kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu) kuliko masalio ambayo mtawanyo wake umeegemea upande mmoja kidogo.