Brashi ya Series 7 namba 1 kwa macho ya visanamu: uzoefu wangu wa mwaka mmoja Mwanza

Brashi hii ninayo kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Ni Series 7 namba 1 ya kampuni ya Uingereza ya vifaa vya uchoraji, Winsor & Newton, ile ya kawaida, na nimeshaitumia kupaka nyuso sitini na kitu za visanamu vya mezani, vile vya milimita 28. Kwa asiyevijua: kipimo hicho huanzia nyayo hadi usawa wa macho, kwa hiyo kichwa kizima ni kama punje ya choroko na jicho halifiki hata milimita moja. Humo ndani unatakiwa uweke weupe wa jicho, mboni na mstari wa kope, na mtu akikitazama kisanamu aone kuna mtu pale.

Nilianza kwa kukosea, na najua wengi wanakosea hapohapo. Niliona jicho ni dogo, nikatafuta brashi ndogo kuliko zote. Nikanunua pakiti ya brashi za nailoni kwenye duka moja la vifaa vya shule hapa mjini, kumi kwa bei ya soda chache, ndogo yake imeandikwa 10/0, ina vinywele unavyoweza kuvihesabu. Uso mmoja ulinichukua wiki nzima, kila usiku napaka na kila usiku nafuta.

Shida haikuwa mkono. Vinywele vichache havibebi rangi. Rangi zetu hizi za akriliki zinakauka kwa kupoteza maji, na Mwanza ya Julai na Agosti, mvua imekata, upepo unapuliza toka ziwani mchana kutwa na feni inazunguka juu ya kichwa, tone dogo namna hiyo linakauka kabla mkono haujatoka kwenye paleti, yaani pale ninapochanganyia rangi, kufika usoni. Unagusa jicho, hakuna kinachotoka. Unakandamiza, linatoka bonge. Ukiongeza maji, yanamwagika tundu zima la jicho na kisanamu kinakuwa kama kimevaa miwani. Ukubwa wa jicho hauna uhusiano na ukubwa wa brashi. Kinachotakiwa ni ncha kali iliyo mbele ya tumbo lililoshiba.

Na hicho ndicho nilicholipia. Nywele za brashi hii ni za mkia wa kicheche wa Siberia, wanaziita kolinsky. Kila unywele ni mnene katikati na mwembamba mwishoni, kwa hiyo zikifungwa pamoja zinaunda tumbo linalohifadhi maji, kisha zinajikusanya zenyewe mpaka ncha inabaki kama sindano. Ukichovya, rangi inakaa tumboni na kuteremka nchani kidogo kidogo. Napaka macho mawili bila kurudi kwenye paleti. Kwa ile 10/0 sikuwahi kumaliza hata kope moja.

Historia yake inanigusa kwa sababu ya hapa tunapoishi. Mwaka 1866 Malkia Victoria aliagiza Winsor & Newton wamtengenezee brashi bora kabisa za rangi za maji, na saizi aliyoipenda ilikuwa namba 7; ndiyo maana zinaitwa Series 7. Ni malkia yuleyule ambaye mpelelezi Mwingereza Speke, alipoliona ziwa letu kutokea upande huu wa Mwanza mwaka 1858, alilibandika jina lake. Wasukuma walikuwa na jina lao, Nyanza, na mimi bado naliita hivyo. Lakini usiku nikiwa nimekaa Kirumba nasikia maji yanapiga mawe, na mkononi nina brashi iliyoanzia kwenye nyumba ya mwanamke huyohuyo, naona dunia imezunguka ikafika mezani kwangu.

Niliipataje? Binamu yangu alikuwa Uingereza kwa masomo, nikamtumia hela. Ikanigharimu shilingi elfu hamsini na kitu. Nilimwomba aijaribu dukani kabla ya kulipa, maana nywele za mnyama hazifanani: unaichovya kwenye maji, unaikung'uta mara moja, unatazama. Ncha ikijikusanya yenyewe, chukua. Ikigawanyika, rudisha uombe nyingine. Jambo lingine nililomsisitizia: kuna Series 7 ya kawaida na kuna nyingine imeandikwa Miniature. Jina hilo linavutia mtu wa visanamu, lakini ile nywele zake ni fupi, na tumbo lake ni dogo. Kwa hewa yetu ya kiangazi, chukua ya kawaida.

Sasa niseme jinsi inavyofanya kazi usoni, kwa sababu humo ndimo nilimoipenda.

Tuna kikundi kidogo tunakutana Jumapili kwa rafiki yetu Nyegezi. Ana mashine ya kuchapa visanamu kwa rezini, na mwaka jana alichora kwenye kompyuta wacheza ngoma kumi na wawili wa Bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya kuzungusha majembe. Wazo lilimjia tulipotoka kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Juni. Alinipa mimi nyuso. Maelekezo karibu yote niliyokuwa nimesoma yalihusu ngozi za Kizungu: weka rangi ya waridi, ongeza nyeupe, weka tena nyeupe. Ukifanya hivyo kwa mcheza ngoma wa Kisukuma anatoka na rangi ya majivu, kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

Nilichojifunza kwa kurudiarudia ni hiki. Rangi ya msingi iwe kahawia iliyoiva. Kivuli usikitafute kwa nyeusi, maana nyeusi inaua ngozi; changanya kahawia hiyo na buluu nzito au zambarau, uone mashavu yanavyoingia ndani. Kung'arisha nako usikimbilie nyeupe. Anza na kahawia yenye wekundu na manjano kidogo, kama udongo wa njia ya Kisesa mvua ikinyesha, kisha mwisho kabisa tone la rangi ya pembe ya ndovu kwenye paji, mfupa wa pua na juu ya mashavu. Ngozi nyeusi inashika mwanga kwa vipande vidogo vikali, hasa mtu akiwa na jasho, na mcheza Bugobogobo ana jasho. Mdomo wa chini unataka wekundu wa zambarau kiasi cha kuonekana tu.

Macho nayafanya kabla sijang'arisha ngozi, ili nikikosea nifunike. Kwanza najaza tundu lote kwa kahawia iliyo karibu na nyeusi. Rangi hiyo itakayobaki pembeni ndiyo wanja wake. Pili, weupe, na hapa tafadhali usichukue nyeupe ya kopo. Nyeupe tupu juu ya ngozi yetu inaruka, kisanamu kinaonekana kimeona mzimu. Mtazame mtu aliyekaa mbele yako: kope linatia kivuli juu ya jicho, na weupe wenyewe una rangi ya maziwa ya asubuhi. Mimi nachanganya rangi ya pembe na punje ya ile kahawia ya ngozi. Naipaka kwa ubavu wa ncha, naivuta kona hadi kona, naacha wanja kila upande. Brashi hii inaruhusu huo ubavu. Ile ya vinywele vichache haina ubavu.

Tatu, mboni. Usiweke nukta. Nukta ikielea katikati ya weupe, kisanamu kinashtuka. Chora mstari mfupi wa kwenda chini, uguse kope la juu na la chini, na pande mbili zibaki na weupe. Anza na jicho linalokusumbua, hilo la pili litalifuata. Na macho yote mawili yatazame mahali pamoja. Wacheza ngoma wangu wanatazama juu kidogo, kulikokwenda jembe, na kwa hiyo mboni zao zimejificha nusu chini ya kope la juu. Huo mtazamo peke yake ulifanya wachezaji wale wawe kundi moja badala ya watu waliopangwa mstari tu.

Mikono: viwiko mezani, vitako vya viganja vigusane, kisanamu kimebandikwa juu ya kichupa cha dawa ili upate pa kushika. Toa pumzi, kisha gusa. Rangi iwe nyepesi kama maziwa yasiyo na maji mengi, na uipunguze kwenye kitambaa kabla ya kugusa uso. Paleti yangu ni kontena la plastiki la chakula, ndani sponji lililolowa, juu yake karatasi ya kuokea mikate. Rangi inakaa siku nzima bila kukauka. Bila paleti ya namna hii, hata brashi ya malkia haitakusaidia mwezi wa nane.

Usiku kuna jambo jingine ambalo watu wa ziwani wanalijua. Wale wadudu wadogo wakiinuka majini kama moshi, wanafuata taa, na wanapenda rangi mbichi. Nilipoteza nyuso tatu usiku mmoja. Sasa natundika chandarua juu ya meza na kukaa ndani na taa yangu ya kuchaji. Kunakuwa na joto, lakini nyuso zinabaki safi.

Kuhusu utunzaji, nilikaribia kuiharibu mwezi wa kwanza. Jirani yangu, mzee aliyeandika mabango ya maduka na majina ya mitumbwi kwa miaka mingi, alipita akakuta brashi imesimama kwa nywele ndani ya glasi ya maji.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, hii ndiyo umetumiwa kutoka Ulaya?"

"Ndiyo babu."

"Itoe humo. Ukishamkunja ncha, hanyooki tena."

Akaketi akanionyesha. Usichovye zaidi ya nusu ya nywele, kwa sababu rangi ikipanda hadi kwenye bati inayozishika, inakauka mle ndani na kuzitanua, na ncha inapasuka taratibu. Suuza kila dakika chache, hata kama hubadili rangi. Ukimaliza, isugue polepole kwenye kiganja kwa sabuni ya kipande na maji ya baridi, mpaka povu litoke jeupe. Kisha ichonge ncha kwa vidole, ilaze ikauke. Nafanya hivyo kila usiku na ncha yangu leo inakusanyika karibu kama siku ya kwanza. Namshukuru sana mzee yule.

Kuna kazi siipi. Rangi za dhahabu na fedha siipitishi, vile vichenga vyake vinakwama kwenye nywele na kuhamia machoni baadaye. Praima (ile rangi ya kwanza chini ya zote), gundi, vanishi, kupaka kwa brashi kavu: zile za nailoni za pakiti zinatosha kabisa, na kwa kazi hizo ninazo hadi leo. Kwa anayeanza mwezi huu, asinunue hii kwanza. Apake visanamu ishirini kwa brashi ya bei ndogo yenye ncha nzuri, namba 1 au 0, ajue kusafisha na ajue uzito wa rangi. Kumuua kicheche huyu kwa siku tatu kwa sababu ya kutojua kusuuza kunaniuma hata kusikia.

Bei ni kubwa na sitajifanya si kubwa. Ni chakula cha nyumbani kwa siku kadhaa. Ila pakiti nilizokuwa nanunua kila mwezi nimeacha, na kwa hesabu yangu imeshajilipa tangu mwezi wa tisa. Nyota tano, na ninazitoa kwa moyo.

Wacheza ngoma kumi na mmoja wamekamilika. Wa kumi na mbili ni mpiga ngoma, amefumba macho, na kwake nimebakiza mstari wa wanja tu, mmoja kila jicho. Ya pili nimeshaagiza. Binamu anarudi Desemba.