Deki ipite kwenye amplifaya au iende moja kwa moja kwenye runinga?

Sebuleni kwetu hapa Moshi, video za HDR, yaani zenye mwanga na rangi pana kuliko za kawaida, zilikuwa zikionekana zimefifia, nyuso za watu zikiwa na rangi ya majivu, na kila baada ya dakika chache kioo kilikuwa kikiingia giza kwa sekunde mbili hivi kabla ya picha kurejea. Kasoro ya namna hiyo mara nyingi haimo ndani ya runinga bali katika njia inayopita picha.

Ukiipitisha deki kwenye amplifaya, unapata sauti kamili na waya mmoja tu unaokwenda kwenye runinga, lakini amplifaya nayo lazima iimudu HDR. Amplifaya ya HDMI (waya mmoja unaobeba picha na sauti) ya toleo la 1.4 haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa HDR iliingizwa katika toleo la 2.0a, mwaka 2015.

Ukiichomeka deki moja kwa moja kwenye runinga, sauti hurudi kwenye amplifaya kupitia tundu la eARC, yaani tundu la HDMI la runinga linaloweza kurudisha sauti. ARC ya zamani haiwezi kubeba Dolby TrueHD, sauti isiyopunguzwa ubora, na kwa mpenzi wa sauti hilo ni pengo kubwa. Hata hivyo mimi naipendelea njia hii, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha kosa: giza liliisha papo hapo, nami nikaukuta waya wa amplifaya umekunjwa nyuma ya kabati, kichwa chake kimelegea. Kufifia kuliisha baadaye, nilipoingia kwenye menyu ya runinga na kuliruhusu tundu lile lipokee mawimbi ya HDR.