Gia mpya za transfa kwenye Suzuki yangu, baada ya masika mawili ya matope ya Molo

Kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye matairi. Suzuki yangu ni SJ413, kijipu cha foo-wili (magurudumu yote manne yanaweza kuvuta), injini ya lita 1.3 yenye kabureta, na matairi yake ya asili ni 205/70R15. Njia ya kwenda shambani kwetu Molo, masika yakianza, malori ya viazi huichimba mifereji miwili mirefu, na gari langu lilikuwa likilala tumbo katikati kila wiki. Nikalivisha 235/75R15. Tumbo likainuka, nguvu ikatoweka.

Hesabu yake si ngumu. Tairi la zamani lina kimo cha sentimita 67 hivi, jipya 73. Kila likizunguka mara moja, injini inalisukuma gari mbali zaidi kwa karibu asilimia 10, na hakuna aliyeiongezea chakula. Tena huku kwetu hewa yenyewe ni haba: Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kabureta inavuta hewa iliyopungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Molo ni juu zaidi. Gia ya tano ikawa pambo. Mlima wa Sachang'wan nikawa naupanda kwa gia ya tatu nyuma ya trela, matatu zikinipigia honi utadhani nimeegesha.

Shambani ndiko kulikokuwa na balaa kamili. Kwenye lo, yaani gia ya polepole ya transfa (boksi la pili la gia, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), namba moja, injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gari lilikwenda kilomita 4.5 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kawaida, na juu ya mawe yenye utelezi ni mwingi mno. Ilibidi nicheze na klachi kupunguza kasi. Nilinusa klachi ikiungua mwaka mzima kabla ya kuizika.

Fundi wangu, mzee wa Suzuki tangu nikiwa shuleni, alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kronwili na pinioni, zile gia za ndani ya difu zinazozungusha magurudumu, kutoka 3.73 hadi 4.11 (namba ikipanda, nguvu inaongezeka na mwendo unapungua). Hiyo ingenirudishia nguvu ya barabarani, lakini lazima difu ya mbele na ya nyuma zibadilishwe pamoja. Ukibadilisha moja ukaiacha nyingine, siku utakapotia foo-wili magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana kama ng'ombe wawili wa jembe wasioelewana. Na baada ya kulipia difu mbili, mwendo wa lo ungepungua kwa hiyo hiyo asilimia 10 tu. Njia ya pili ni kuacha difu zilivyo na kubadilisha gia ndani ya transfa.

Nilichagua transfa, seti ya 4.16. Gia yake ya barabarani inatoka 1.41 kwenda 1.58, asilimia 12, yaani inafidia matairi na kubakisha chenji kidogo. Ya lo inatoka 2.27 hadi 4.16. Zidisha namba moja ya gia boksi (3.65), transfa na difu: zamani injini ilizunguka mara 31 gurudumu likizunguka mara moja, sasa 57 kwa 1. Kwa mizunguko ile ile 1,000, gari linatambaa kilomita 2.4 kwa saa. Mama watoto anashuka, anatembea mbele kunionyesha mawe, na bado ananisubiri.

Kuna seti ya 6.5 pia na niliitamani sana. Fundi akaniuliza, "Mkubwa, wewe unapanda ukuta ama unabeba viazi?" Nikanyamaza.

Kazi ilichukua siku mbili. Transfa ya gari hili imejitenga na gia boksi, inashuka yenyewe, na hilo ni rehema kwa mfuko. Mwambie fundi abadilishe beringi na sili zote ikiwa imefunguliwa. Mimi nilibana senti kwenye sili moja ya nyuma, na ndiyo hiyo iliyonidondoshea oili uani mwezi uliofuata. Gia zenyewe zilizidi bei ya matairi yote manne.

Raha niliyoipata hasa ni kushuka. Ile teremko ya mtoni nilikuwa nikiishuka mguu ukitetemeka juu ya breki, matairi yakifunga na kuteleza. Sasa natia lo namba moja, naondoa miguu yote kwenye pedali, injini inalishika gari mpaka chini. Sachang'wan napanda kwa gia ya nne kama sina mzigo.

Lakini nguvu iliyozidishwa hutafuta pa kutokea. Mwezi wa tatu raba moja inayoshikilia transfa ilichanika, na kila nikiondoka kulikuwa na kishindo chini ya kiti. Nikaweka nzito zaidi. Kisha, kosa langu tena, nimekwama kwenye mfereji, usukani nimeukata hadi mwisho, nikakanyaga mafuta kwenye lo: sivi jointi ya mbele kulia (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona) ikapasuka. Tulirudi nyumbani kwa magurudumu ya nyuma peke yake, viazi tukaviacha kwa jirani. Siku hizi nikikwama nanyoosha usukani kwanza.

Pia gia hizi zinaimba. Ukifika kilomita 80 kwa saa kuna mluzi ambao mwanangu anauita ndege. Kama gari lako ni la Kenyatta Avenue hadi kanisani na matairi ni ya asili, usinunue. Mimi ningenunua tena kesho, ila sili zote na raba zote siku hiyo hiyo.