Mbolea ya kupandia kitunguu saumu: uanze kununua ipi?

Msimu wa saumu ukikaribia maswali ni yale yale, ninunue DAP au TSP (mbolea za dukani zenye fosforasi nyingi) au nibaki na samadi tu? Mi nalima huku Mbulu na ukiniuliza, hela ya kwanza iende kwenye samadi iliyoiva, kabla hujagusa mfuko wowote. Saumu ina mizizi mifupi, inakula juujuu, udongo usiposhika maji hata mbolea ya dukani haisaidii. Eka moja weka tani 4 mpaka 8. Ukifika zizini zamisha mkono ndani ya rundo, likiwa la moto na linakuchoma pua halijaiva, liache hata wakikupunguzia bei. Mi msimu mmoja nilibeba ya kuku mbichi kisa rahisi, punje zikaungua, matuta mengine yakabaki matupu kabisa, iliniuma sana jamani.

Namba mbili DAP. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za fosfeti (ndiyo inayobeba fosforasi, chakula cha mizizi) na kilo 9 za naitrojeni, na fosforasi haitembei kwenye udongo, kwahiyo lazima iwe chini ya punje siku ile ile unapanda, uifunike na udongo kidogo zisigusane, ukija kumwaga juu baadae umeshachelewa.

Tatu TSP. Fosfeti ni zile zile kilo 23 ila naitrojeni hamna, so kama umeweka samadi ya kuku ya kutosha mi naipa nafasi ya mbele kuliko DAP.

Minjingu, mbolea ya mwamba wa fosfeti uliosagwa, naipa ya nne ingawa inachimbwa hapa hapa Manyara. Ule unga wa mwamba unayeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) chini ya 5.5, shamba lenye magadi utakaa tu bila kazi. Pima udongo kwanza, nakuomba.

Ya mwisho NPK 17-17-17, yaani asilimia 17 naitrojeni, 17 fosfeti na 17 potashi. Madukani wanaisifia sana lakini mfuko una kilo 8.5 tu za fosfeti, yaani kufikia DAP moja unahitaji karibu mifuko mitatu, piga hesabu hapo.

Na kama umejisajili kwenye ruzuku ya mbolea ya serikali nenda na namba yako, chukua mfuko ulioshonwa kiwandani, ya kupimiwa kwenye kisado usichukue.