Sumaku ya Kusafishia Mchanga Mweusi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mchimbaji mdogo wa Migori au Kakamega akishaosha udongo wake kwenye karai, hubaki na mchanga mweusi uliochanganyika na chembe za dhahabu, na hapo ndipo haja ya sumaku hujitokeza. Wauzaji wengi watakuambia kwamba ile yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Sikubaliani nao, kwa kuwa mchanga mweusi si kitu kimoja, na madini yenye chuma hayaitikii sumaku kwa kiwango kimoja.

Wengi hudhani kwamba madini yenye chuma kingi ndiyo yanayovutwa zaidi. Magnetiti na hematiti ni madini ya chuma yanayopatikana katika mchanga huo: ya kwanza ina chuma takribani asilimia 72 na ya pili takribani asilimia 70, lakini katika vipimo vya kimataifa mwitikio wa magnetiti kwa sumaku huanzia karibu 1 na kupita 5, ilhali ule wa hematiti kwa kawaida hauzidi 0.04. Sababu ni mpangilio. Kila atomu ya chuma katika madini haya ni mfano wa sumaku ndogo; ndani ya hematiti sumaku hizo zimetazamana kinyume hata zikabatilishana karibu zote, na ndani ya magnetiti zinapingana vilevile, ila upande mmoja umezidi mwingine, na ziada hiyo ndiyo inayoifanya chembe iruke. Piriti, ambayo wageni wa machimbo huidhania dhahabu, ina chuma karibu asilimia 47 na bado haitikisiki. Pirotiti, iliyoundwa kwa chuma na salfa vilevile, huvutwa vizuri kwa sababu baadhi ya nafasi za chuma ndani yake ziko wazi, na mizani ya pande mbili ikavurugika. Ilmeniti na ganeti, madini mengine ya mchanga mweusi, huvutwa kwa unyonge.

Kwa hiyo naiweka ya kwanza sumaku nyeusi ya feriti, ile pete inayotolewa nyuma ya spika kuukuu, ambayo mafundi wa jua kali kama wale wa Kibuye, Kisumu, huiuza kwa bei nafuu. Nguvu yake inatosha kuokota magnetiti pamoja na vumbi la chuma lililomeguka kutoka mashine ya kusagia mawe, nayo huwaacha wanyonge mahali pao. Maji hayaiharibu, kwa kuwa haishiki kutu. Udhaifu wake ni kupasuka: niliwahi kununua pete iliyofichwa ufa kwa gundi, ikagawanyika siku ya pili, na tangu hapo huzungusha kidole ukingo mzima kabla ya kutoa pesa.

Ya pili ni neodimiamu, ile ndogo inayong'aa, yenye alama za daraja la nguvu kama N35 au N52. Kwa ujazo uleule nishati yake ni takribani mara kumi ya ile ya feriti, na hapo ndipo hasara inapoingia: chembe nyeusi huiparamia kwa wingi na kwa ghafla, zikafumbata dhahabu laini katikati yake. Dhahabu haivutwi na sumaku. Ukiiona humo, imenaswa. Itumie baada ya feriti kumaliza kazi, mchanga ukiwa mkavu, ukiishika juu kidogo, ili itoe ilmeniti na ganeti. Inafaa pia kupimia mawe yenye mwitikio hafifu, kama baadhi ya mawe ya chuma ya vilima vya Samia. Kataa iliyobanduka ganda, kwa kuwa ndani hushika kutu upesi, na usiiache kando ya jiko unapokausha mchanga, maana aina za kawaida huanza kudhoofika joto likipita nyuzi 80 za Selsiasi. Watoto wasiichezee kabisa.

Alniko, ile ya umbo la kwato iliyozoeleka katika maabara za shule, naiweka mwisho. Huvumilia joto kali, lakini ikiangushwa au ikihifadhiwa vibaya hupoteza usumaku, na mchimbaji hahitaji uvumilivu huo wa joto.

Yoyote utakayochagua, ivishe mfuko wa plastiki, uipitishe ndani ya maji, au juu ya mchanga mkavu ikiwa ni neodimiamu, kisha uvute sumaku nje ya mfuko ili mchanga udondoke kwenye karai jingine, ambalo utaliosha tena mara mbili au tatu. Na uendapo dukani, chukua kijiko cha mchanga wako mwenyewe ndani ya karatasi, kwa sababu misumari ambayo muuzaji huonyeshea nguvu ya sumaku hunaswa na kila sumaku iliyopo mezani.