Kidole gumba au chuchu bandia?

Mtoto anyonye kipi ili atulie? Chuchu bandia, ile ya mpira isiyo na maziwa, ina faida moja kubwa: mzazi anaweza kuiondoa. Ataibakiza ya usingizini tu, kisha siku moja haitaonekana tena. Kidole hakifichiki, na kwa hilo tu mimi naipendelea chuchu bandia.

Kwa meno, hakuna chenye nafuu kubwa. Tabia ya kunyonya ikipita umri wa miaka 3 au 4, meno ya juu husukumwa mbele, na mwanya hubaki hata mtoto akiuma meno. Ulimi nao huzoea kujipenyeza mwanyani kila anapomeza. Hapo ndipo yanapohitajika mazoezi ya kinywa: ncha ya ulimi itulie nyuma ya meno ya juu, midomo ifungwe, pumzi ipite puani. Lakini mazoezi hayafui dafu iwapo mtoto bado ananyonya kidole.

Chuchu bandia ina gharama zake: kuichemsha, uwezekano zaidi wa maambukizi ya sikio, na kwa mtoto mchanga isubiri hadi azoee kunyonya ziwa vizuri. Kidole ni bure, ila hushika kila uchafu.

Na kukipaka pilipili? Mtoto akijifikicha, huishia machoni.