Masaa kumi na begi mgongoni Kyoto, na ile hosteli sijui niipe nyota ngapi

Nilisema sitaandika. Nimekaa na hili jambo rohoni kitu kama mwaka, nikajua limeisha, halafu juzi mdogo wangu kanipigia, dada ile hosteli uliyolala Kyoto ilikuwaje, kuna mwenzangu kazini anaenda, nikajikuta naongea nusu saa nzima mpaka salio lake likakata. Kumbe halijaisha. Basi ngoja niliweke hapa.

Mambo ya vyumba vingapi, waifai, umbali kutoka stesheni, hayo mtayaona wenyewe, yapo kila mahali. Mimi nina neno moja tu na hao watu na neno lenyewe ni saa kumi.

Nilikuwa nasafiri Japani peke yangu, wiki mbili na siku kadhaa, hela ya mawazo. Tokyo nililala Asakusa, karibu na lile geti la hekalu lenye taa kubwa nyekundu, na Tokyo sina neno, sitaki dhambi. Ukisikia hosteli usiwaze ya chuo, ndoo na foleni ya bafu. Dabodeka lina pazia lake, taa yake, soketi yake, sakafu inang'aa kama hospitali ya kulipia, na usiku unalipa kama yen 3,000, yaani elfu hamsini hivi ya kwetu. Shida yake ni kimya. Mle ndani mfuko wa rambo ukilia saa tano usiku unasikia mtu anavuta pumzi nyuma ya pazia. Nikajifunza kupanga nguo gizani kama mwizi, sawa, nyumba ya watu ina sheria zake.

Kutoka Tokyo kwenda Kyoto ile treni ya kasi ni karibu yen 14,000, zaidi ya laki mbili kwa safari ya masaa mawili na kidogo, na ile pasi ya treni ya watalii iliyokuwa inasifiwa zamani, ya siku 7, Oktoba 2023 waliipandisha kutoka yen 29,650 mpaka 50,000, kwa hiyo mtu wa hali yangu anaisikia tu kwenye redio. Nikapanda basi la usiku Shinjuku, nauli haikufika hata nusu ya treni. Limezimwa taa, limefungwa mapazia, hakuna anayeongea, hakuna muziki, hakuna muuza karanga dirishani. Sikulala. Nafikiri mwili ulikuwa unasubiri kelele.

Tukashushwa stesheni ya Kyoto asubuhi saa kumi na mbili, mvua ile ya rasharasha isiyoisha, baridi, ilikuwa majira yale majani yanageuka mekundu na mji mzima umefurika watalii. Begi langu kilo 14, nililipima mwenyewe kabla ya kuondoka. Nikatembea nalo mpaka Gojo, kinjia cha nyuma karibu na mto Kamo, nikaiona hosteli, nje kumepaki Hiace mpya tupu, na hapo nilisimama kidogo maana Hiace yenye viti vitupu mimi sijawahi kuiona maishani.

Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe. Ndani kijana anafunga mifuko ya taka. Nikasema good morning, nikapanda kile kingazi kimoja niingie, na hapo yule kijana akatoa sauti, sijui niiandikeje, kama mtu aliyekanyagwa, halafu akaweka mikono yake mbele ya kifua, mkono juu ya mkono, alama ya X kubwa, usoni kabisa kwangu. X. Kama mwalimu anakosoa daftari.

Jamani. Nimetoka bara lingine, nimelipa, nimelowa, sijalala, unaniwekea X?

Ndiyo, najua sasa, ilikuwa viatu. Pale pa chini unavua, pale pa juu ni ndani, na mimi nilikuwa nimepanda na raba zinazochuruzika maji. Lakini wakati ule nilichokiona ni mtu ananifukuza kama kuku. Nikashuka. Yeye naye akaona nimekasirika, akaanza kuinama, sumimasen, sumimasen, yaani samahani, Kiingereza chake maneno matatu, Kijapani changu chote nilijifunza kwenye Toyota IST ya kaka yangu ambayo kila ukiiwasha yule mama wa ndani anakwambia kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kwao, haijaingizwa. Haikunisaidia.

Akatoa simu. Akauliza natoka wapi, nikasema Tanzania, macho yakamtoka kwa furaha, "Oo! Suwahiri!" akatafuta kwenye ile programu ya kutafsiri mpaka akaipata lugha yetu, na hapa nakiri nilivimba kichwa kidogo, nani asingevimba, uko mtaa wa nyuma Kyoto unaulizwa Kiswahili. Akaongea kwenye simu, akanigeuzia. Imeandikwa: "Mapokezi hufunguliwa saa 10. Tafadhali lete mizigo saa 10."

Mnaona inakoelekea? Mimi sikuona. Kwenye buking yangu niliandikiwa kuingia chumbani ni 16:00, ambayo ni saa kumi jioni, na simu inasema saa 10, kwa hiyo vinaelewana kabisa, kwa hiyo hawa watu hata begi hawapokei mpaka jioni. Nikamwonyesha kiti cha pale chini, nikae tu, sitaki kitu. Akaangalia simu yake, akaangalia dari, akaweka tena X. Ndogo safari hii, ya vidole. Ndogo iliniuma zaidi.

Na kabla hamjasema si ungetafuta hosteli nyingine, sisi wa pasipoti zetu viza ya Japani unapeleka ubalozini ratiba ya siku kwa siku, leo nalala wapi kesho wapi, hivyo kila kitanda nilishakishika mapema, na hicho kilikuwa hakirudishi hela.

Nikaegemea kile kioo cha mlango nje, dakika kama kumi, nikikusanya akili. Mkumbuke hicho kioo.

Basi nikazunguka. Stesheni kuna makabati ya kuweka mizigo, unatia sarafu unafunga, na hapa kiburi kikaniponza maana yale makubwa ni mamia ya yen na nikajiambia siwezi kulipia kabati wakati nimelipia kitanda, haki yao walipokee. Nani alikuwa ananisikia? Hakuna. Nikapanda treni na begi mgongoni nikaenda Fushimi Inari, vituo viwili tu kutoka hapo, nauli yen 150, hekalu halina kiingilio wala halifungwi.

Nikiri pazuri. Yale mageti mekundu yamesimama kwa maelfu, yamebanana mpaka unatembea kama ndani ya koo la mnyama, na ukigeuka nyuma unakuta kila geti limeandikwa kwa wino mweusi jina la aliyelitoa na tarehe, makampuni, wafanyabiashara, ni kama ule ubao wa majina ya wachangiaji kwetu, fulani mifuko mitano ya saruji. Nilicheka peke yangu. Ila ni mlima ule, mita 233, na kila ngazi begi linaniambia kitu. Nikafika pale katikati wanapopumzikia watu, Yotsutsuji, ambapo siku ya jua unaona mji wote chini, mimi nikaona ukungu. Akapita babu mmoja, mkavu, mwembamba, ana fimbo tu, akaangalia begi langu, akaangalia uso wangu, akasema kitu kwa upole mrefu. Nadhani ilikuwa pole. Inawezekana pia alikuwa anauliza kama nina akili.

Nikarudi stesheni, nikanunua kopo la kahawa la moto kwenye mashine, hilo nawapa, mashine barabarani inakutolea kahawa ya moto na hakuna aliyeiiba, nikaliweka shavuni mpaka likapoa ndiyo nikanywa. Nikanunua onigiri, wali umefungwa na ule mwani mweusi, karatasi yake imeandikwa namba moja, mbili, tatu uvute kwa mpangilio. Nikavuta tatu kwanza kwa hasira. Mwani ukabaki kwenye karatasi, wali mkononi. Na takataka huna pa kutupa, mitaani mle mapipa hakuna, kwa hiyo nikashinda na karatasi la mwani na kopo tupu mfukoni, nimekaa kwenye zile ngazi kubwa za stesheni, upepo unapita, nahesabu dakika. Mabega yalishakufa. Soksi zinalia.

Saa kumi jioni kamili, siyo na dakika moja, niko mlangoni. Nimevua viatu tangu nje, sitaki mchezo.

Safari hii mapokezi yuko mama mmoja anajua Kiingereza vizuri. Akaangalia pasipoti, akatoa kopi, halafu akaniuliza kwa upole kabisa mbona hukuja, tulikusubiri. Nikasema nimekuja, saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa hapa, mkanifukuza, mkasema nirudi saa kumi. Akasema ndiyo, saa kumi, tulikusubiri saa kumi. Nikasema ndiyo hii saa kumi! Akaangalia saa ya ukutani. Mimi nikaangalia. Na pale pale, jamani, nikasikia kitu kinashuka kutoka kichwani mpaka kwenye zile soksi.

Walikuwa wanasema saa nne. Saa nne asubuhi. Ile programu ilichukua 10:00 yao ikaniandikia "saa 10" kama ilivyo, mashine imejifunza maneno yetu ila saa yetu hakuna aliyeifundisha.

Mama akanionyesha rafu ya mizigo nyuma ya kaunta. Mabegi yamepangwa, na katikati kuna nafasi imeachwa, ina kikaratasi cha gundi kimeandikwa jina langu kwa herufi zao, na chini yake kwa herufi zetu, MWANAIDI, kwa mkono, herufi zimenyooka kama za mtoto wa darasa la pili. Yule kijana aliandika kabla hajatoka zamu. Nafasi imekaa tupu masaa sita inasubiri begi, na begi liko mlimani linapanda ngazi.

Mngetegemea hapo hasira iishe. Haikuisha, ikaongezeka, maana sasa haikuwa na pa kwenda. Nikamkasirikia yeye kwa kuchagua Kiswahili. Nikajikasirikia mimi kwa kuvimba kichwa. Nikaenda dabodekani, nikavuta pazia, nikafungua simu niandike nyota moja na maneno makali, na nikiwa naandika nikakumbuka kioo. Nikashuka na kandambili zao mpaka mlangoni. Karatasi iko pale, kubwa, namba tupu haihitaji lugha yoyote: 10:00. Nilikuwa nimeiegemea na mgongo.

Sasa nitaandika nini?

Lakini bado. Bado nasema, mtu amelowa saa kumi na mbili asubuhi, kiti kipo, unampa X? Kwetu hata kama duka limefungwa utaambiwa kaa hapo barazani dada mvua ipungue. Sheria ni sheria, nimesikia, mapokezi yamefungwa, sawa, ila kiti hakikuwa mapokezi, kiti ni kiti. Hapo mimi na wao hatutaelewana mpaka kiama.

Usiku kijana akarudi zamu. Mama alishamsimulia, maana alikuja amenyooka kama anakwenda kuhukumiwa, akainama mpaka nikaona kisogo, nami hasira zangu nilizokuwa nimezipanga zote zikakosa mlango. Nikamchorea saa kwenye karatasi, jua linatoka, moja, linakuwa kichwani, sita. Akasema "eeeeeh" ndefu kama king'ora. Akachukua kalamu akawa anatoa sita kwenye kila namba, 11 ni tano, 13 ni saba, anafurahi kama kafumbua siri ya serikali. Nikamwacha pale na hesabu zake.

Nimelala siku tatu. Shuka safi, bafu la moto, jikoni kila kikombe kina alama. Niliandika nyota mbili, nikafuta, nikaandika nne, nikakumbuka mgongo, nikafuta. Mwenzake mdogo wangu kama yupo hapa: nenda, ni pazuri, zungumza nao Kiingereza kibovu hivyo hivyo, na hilo kabati la stesheni lipie. Tatu. Tuseme tatu, na nusu ni ya kile kikaratasi.

Siku ya kuondoka nilikuwa na basi la mapema la Osaka, nikashuka na begi kabla hakujakucha vizuri, yule kijana yuko mlangoni na mifuko yake ya taka. Akaangalia saa ya ukutani, sita kamili yao, nikaona midomo inahesabu. Akasimama sawasawa, akanipungia mkono, akasema kwa sauti, kila silabi peke yake:

"Saa sifuri!"

Nikamwambia ndiyo, saa sifuri, nikavaa viatu nikatoka.